Saa Tisa ya Monique

Jumapili, 5 Oktoba

Daftari hili ni la vipimo. Mbele kumejaa vifua, viuno na mabega ya watu wa Kampala nzima, kwa hiyo mimi naanzia nyuma. Mwenye kosa ni padri. Leo kasema kila mmoja aandike jinsi anavyotumia muda wake, kisha atafute Mungu yuko wapi humo ndani. Watu wamecheka. Mimi nimechukua kalamu kwa kiburi tu, kuonyesha kwamba mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kukanyaga cherehani mpaka jua lizame hana dakika ya kuficha. Haya, Bwana Mungu, soma mwenyewe.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeamka. Nimeshona. Nimerudi nyumbani Kawempe. Wakati navua viatu nimesema "asante Baba", usingizi ukanibeba kabla ya amina.

Jumanne, 7 Oktoba

Mzee Okidi kapanda ngazi zetu hapa Nakivubo akitweta. Ni kiongozi wa kwaya ya parokia, polisi mstaafu, na Kiswahili chake ametoka nacho kambini.

"Mama Byron, mimi nataka joho arobaini. Rangi zambarau, kola nyeupe. Kwaya ni jeshi. Jeshi bila yunifomu, hiyo ni kundi ya watu tu."

"Ya lini, mzee?"

"Desemba kumi na moja, saa sita ya mchana, mimi nasimama hapa kwa mlango."

Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Kazi ya kanisa haikataliwi. Nuriat, jirani yangu wa cherehani, Mnubi wa Bombo, amenitazama akasema, "Majoho arobaini, na mikono yako ni miwili." Nimemwambia Mungu atanipa mingine.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo nimechekwa na jengo zima.

Chini ya ngazi zetu kuna duka la vitenge la Monique, mama wa Bukavu, na mlango unaofuata ni duka la kinyozi la kaka yake, Jean-Pierre. Jana alinishika mkono. "Mama Byron, kesho saa tatu shuka tusali. Robo saa tu. Sala yangu ya peke yangu inalalaka."

Saa tatu asubuhi nimeacha wateja wawili wamesimama, nikashuka mbio, nikamkuta juu ya kiti anatundika vitenge, pini mdomoni.

"Unatafuta nini asubuhi hii?"

"Si ulisema saa tatu?"

Kacheka mpaka akashuka kitini. Kanyooshea kidole saa ya ukutani. "Mushale uko kwa ngapi?"

"Kwenye tisa."

"Basi ni saa tisa! Unaona tisa, unasema tatu? Weye Mukenya, unaibiaka watu masaa sita!"

Nimemweleza kwamba sisi wa Bungoma tunahesabu tangu jua linapotoka, na Waganda vilevile, na hata hao Wakongo wenzake wengine wamezoea. Jean-Pierre kaja na wembe mkononi kusikiliza. Monique akakata shauri: "Bon. Weye shika saa ya Bungoma, miye nashika ya Bukavu. Mungu anajua zote mbili."

Alasiri, saa tisa yangu, saa tatu yake, nimeshuka tena. Nyuma ya marobota ya vitenge, chini kabisa ya ngazi, ana kisanduku, msalaba wa mbao na kitambaa cha kupigia magoti. Miguu ya watu inapita juu ya vichwa vyetu, na nje makondakta wanaita abiria. Robo saa imekwisha kabla sijaitazama. Nimepanda ngazi mwepesi, na joho nililoshona baada ya hapo limenyooka pindo mara ya kwanza. Nimemwahidi Monique: kila siku.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru. Nimeshona. Monique hakuja kazini, kwa hiyo hii haihesabiki.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeshuka dakika tano. Mteja akaniita kutoka juu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sikushuka.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Sikushuka, kapanda yeye. Kaniletea kitenge cha kijani chenye ndege weusi, anataka gauni la Krismasi. Nimempima: kifua 104, kiuno 92. Vipimo vyake viko upande wa pili wa ukurasa huu huu. Nimemwambia nitaanza nikimaliza majoho kumi. Akauliza, "Na sala, uko nayo wakati gani?" Nikasema huku nikitafuta uzi, "Mama Monique, si nashonea kanisa? Hii nayo ni sala."

Akaniuliza tena, "Kama ni sala, mbona unapigaka kelele kwa nguo?" Ni kweli, nilikuwa natukana zipu.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimekuwa nikimchukia Nuriat kimoyomoyo, na leo nimejua kwa nini.

Adhana ya Old Kampala ikisikika, anasimama. Si akimaliza mshono, la. Anasimama hapo hapo, katikati ya mkono wa shati, mteja amekaa anamtazama. Anaiacha sindano imezama ndani ya kitambaa, anakwenda kutawadha, anatandika mkeka wake kwenye kona ya pasi, anasali, anarudi, anakanyaga. Nilikuwa naona ni uvivu wenye kilemba. Leo nimemwuliza: hivi wateja hawakukimbii?

"Wengine wanakimbia."

"Na hushtuki?"

"Dada, sindano ukiiacha ndani, kitambaa hakisogei. Unarudi unakuta ulipoachia. Ukiitoa ndipo mshono unapotea."

Nimecheka, nikasema maneno mazuri hayo. Kisha nikaendelea na joho la kumi na moja mpaka saa kumi na moja. Kengele ya simu niliyoiweka kwa ajili ya saa tisa ililia, nikaizima kwa kiwiko.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mfereji wa Nakivubo umefurika. Maji meusi yameingia ghorofa ya chini mpaka magotini. Monique na Jean-Pierre wamebeba marobota kuyaweka ngazini, nasi wa juu tukapokea. Katikati ya kubeba nimemwona Monique amekaa kwenye ngazi, mkono tumboni, uso umekuwa rangi ya majivu.

"Ni nini?"

"Ni ile kitu. Ilikuwa ndogo, sasa inasimama."

Ana uvimbe tumboni tangu mwaka jana, na hakuniambia. Au aliniambia nami nilikuwa na pini mdomoni. Kile kisanduku chake cha sala kimelowa. Msalaba tumeuanika juu ya cherehani yangu, na kwa siku nzima nimeshona chini yake bila kusali. Nimeona aibu kidogo, si sana.

28, 29, 30 Oktoba

Sikushuka. Sikushuka. Kulikuwa na matope.

Jumapili, 2 Novemba

Kanisani nimehesabu mikunjo ya kanzu ya padri misa nzima. Imekatwa vibaya mabegani.

Ijumaa, 14 Novemba

Monique kapanda ngazi polepole, akipumzika kila baada ya hatua tatu. Nilidhani amekuja kudai gauni, nikaanza kujitetea kabla hajafika juu. Kumbe kaja kupimwa upya. "Nguo yenyewe sijaikata," nimemwambia. "Ni vizuri," akasema, "kwa sababu mwenye nguo anaisha."

Kifua 91. Kiuno 95, na chote hicho ni ule uvimbe. Niliandika namba nikiwa nimeinamisha uso.

Kisha akasema neno lililonichoma. "Mama Byron, siko nakuomba nguo. Nguo ni sababu tu, nipate kupanda. Nakuomba robo saa. Mungu wangu anakuwaka mbali siku hizi. Nikimwita peke yangu, sauti inarudi. Nikiwa na mutu, sauti haina nafasi ya kurudi."

Nimeacha cherehani. Nimepiga magoti naye hapo kwenye kona ya pasi, juu ya mkeka wa Nuriat, Nuriat mwenyewe ametupisha. Tumefika katikati ndipo Mzee Okidi akaingia na mpiga kinanda wake. "Mama, joho yangu imefika ngapi? Mimi nataka kuona maendeleo!" Nikasimama. Nilisimama, Mungu wangu, upesi kama mtoto aliyekamatwa anaiba sukari. Monique akamalizia peke yake. Nilikuwa nikimwonyesha mzee kola huku nikimsikia.

Jumatatu, 17 Novemba

Kola kumi na nne. Sikusali.

Jumatano, 26 Novemba

Monique haji tena dukani. Anakaa chumbani kwake Kawempe, na chumba chake kinatazamana na changu. Natoka kabla hajaamka, narudi amelala. Leo asubuhi taa yake ilikuwa inawaka. Nimepita kwa ncha za vidole vya miguu.

Jumapili, 30 Novemba

Majilio yameanza. Padri kauliza kama kuna aliyeandika lile daftari. Hakuna mkono ulioinuka, wala wangu. Magari ya kampeni yamepita nje na muziki, hatukusikia mahubiri mengine.

Jumamosi, 6 Desemba

Amelazwa. Jean-Pierre amefunga kinyozi, analala hospitali. Nimetuma uji kwa mkono wa jirani. Nimebakiwa na majoho tisa.

Jumatano, 10 Desemba

Jean-Pierre kapiga simu jioni. Kesho Monique anapasuliwa. "Dada anasema uje saa tisa. Anataka musali pamoja. Anasema asipasuliwe mbele hujafika."

Nimesema sawa. Saa tisa ya Bukavu, yaani saa tatu asubuhi. Nimemwambia Nuriat kesho nitachelewa, ninapitia hospitali asubuhi. Majoho sita bado hayana pindo, na Mzee Okidi anayafuata kesho saa sita mchana. Nitaamka mapema niyamalize mawili nyumbani kwa mkono, manne nikirudi. Inawezekana.

Alhamisi, 11 Desemba

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Nimeamka saa kumi. Mawili niliyapinda. Saa moja nikasema acha nipitie kazini kwanza nishone la tatu, hospitali iko njiani. Haiko njiani. Saa mbili nilikuwa nimekaa. La tatu likakwisha, nikaona la nne limekwisha kukunjwa, linaomba tu. Saa mbili na nusu Nuriat akasema, "Si ulisema unakwenda hospitali asubuhi?" Nikasema naondoka sasa hivi. Saa tatu kasoro dakika tano uzi ukakatika, nikautunga. Saa tatu niliitazama saa. Mshale ulikuwa kwenye tisa.

Na hapo ndipo wazo likaja, laini kabisa, wala halikubisha hodi: yeye alisema saa tisa. Kila mtu wa Kampala anajua saa tisa ni alasiri. Nani atanilaumu?

Nikakanyaga.

Mzee Okidi alifika saa sita kamili, akasimama mlangoni kama alivyoahidi, akahesabu majoho arobaini, akanipigia saluti. Nikala muhogo. Nikanawa uso. Saa tisa alasiri nilikuwa kwenye mlango wa wodi na machungwa mkononi.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi, hakina mtu. Jean-Pierre alikuwa amekaa sakafuni. Hakulia. Alinyanyua uso, akaniambia kwamba moyo ulisimama wakiwa bado ndani, na madaktari walijitahidi sana. Kisha akasema haya, nami nayaandika neno kwa neno nisije nikayasahau.

"Alikungoja. Walipokuja na kitanda cha magurudumu aliwaambia, tafazali, kuna mutu anakuya kusali na miye. Wakangoja dakika kumi. Halafu kumi tena. Akaniuliza, ulimwambia saa ngapi? Nikasema, saa tisa, vile ulisema. Akafunga macho, akasema, ah, Mama Byron ataenda na saa ya Bungoma. Akacheka. Alicheka, dada. Halafu wakamuingiza."

Nilisimama na machungwa yangu.

"Ni kosa yangu," akasema. "Nilipaswa kusema asubuhi. Neno moja tu. Nilijua munahesabu ingine. Nimemunyima dada yangu sala ya mwisho kwa neno moja."

Nami nikasema nini? Nikamshika bega, nikasema, "Usijilaumu, kaka. Ni mambo ya saa."

Ijumaa, 12 Desemba

Nimemshonea lile gauni. Kitenge cha kijani chenye ndege weusi. Nimekata saa moja, saa nne lilikuwa limepigwa pasi. Miezi miwili nilikosa nafasi, na leo asubuhi moja ilitosha na ikabaki. Sikujua nifuate vipimo vipi. Nimefuata vya Oktoba. Mama mmoja aliyemvisha kaniambia limempwaya.

Jumamosi, 13 Desemba

Mazishi. Mvua. Kwaya imevaa majoho mapya, zambarau tupu kwenye matope, mapindo yangu yamenyooka kama rula. Jean-Pierre ameeleza watu ile habari ya saa, pale kaburini. Wanawake wa Kikongo wakanijia mmoja mmoja, wakanikumbatia. "Pole sana, mama. Saa za watu ni fitina." Nimepokea pole zote. Hakuna niliyoirudisha.

Jumatatu, 15 Desemba

Nuriat hakunisemesha mpaka adhuhuri. Aliporudi kutoka kwenye mkeka alisema neno moja: "Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Usinifanye mjinga, dada. Nilikuwepo."

"Itamsaidia nini? Marehemu hafufuki. Itamwongezea uchungu tu."

"Uchungu anao. Lakini amebeba na wako."

Nilimwambia ashike yake. Amegeuza kiti chake, ananipa mgongo. Mwanamke niliyemwita mvivu ndiye pekee anayejua mimi ni nani. Ningempenda zaidi angekuwa mbali.

Jumatano, 17 Desemba

Nimefungua ukurasa wa tarehe kumi. Upo hapo, kwa mwandiko wangu: saa tisa ya Bukavu, yaani saa tatu asubuhi. Nimefikiria kuuchana. Nikaona si lazima, hakuna anayesoma daftari la vipimo. Basi na niseme hapa, mara moja, wazi: nilijua. Sikuchanganya saa. Nilijua tangu siku ile aliyocheka akashuka kitini. Wapo waliowahi kusinzia mwenzao alipowaomba wakeshe naye, na walau wao walikuwa na usingizi. Mimi nilikuwa macho, natia pindo.

Nimejaribu kusali. Sauti inarudi. Alisema kweli.

Ijumaa, 19 Desemba

Jean-Pierre amefungua kinyozi. Nimepita mlangoni nikamsikia akimwambia mteja, "Kesho saa ine. Ya asubuhi. Jua ikitoka unahesabu moja, mbili, tatu, ine." Ameigeuza saa ya ukutani ya dukani kwa Monique. Amebandika karatasi juu ya kila namba: kwenye tisa ameandika tatu, kwenye tatu ameandika tisa.

"Sitaki tena saa ya Bukavu," kaniambia. "Iliua mutu."

Nilifungua mdomo. Nasema kweli, nilifungua, na maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Yeye akadhani nataka kulia, akanivutia kiti, akaniomba msamaha tena. Tena! Nikasema, "Hakuna shida, kaka." Nikapanda ngazi.

Jumapili, 21 Desemba

Nilikwenda kwenye kitubio. Mstari ulikuwa mrefu. Wa mbele yangu akachelewa ndani. Mteja akapiga simu kuhusu suti ya harusi. Nikatoka kwenye mstari. Sikusukumwa na mtu.

Alhamisi, 25 Desemba, Krismasi

Kanisa lilifurika mpaka nje. Kwaya iliimba vizuri kuliko miaka yote. Baada ya komunyo Mzee Okidi akashika kipaza sauti.

"Watu ya Mungu, mimi nataka shukuru mama moja. Hii joho yote munaona, ni yeye. Yeye hakulala. Yeye hakupumzika. Mama Byron alipatia Mungu saa yake yote! Mama, simama!"

Nikasimama. Makofi yakapigwa, vigelegele vikapigwa. Nikatafuta mahali pa kuweka macho, nikamwona Jean-Pierre benchi la tatu, shati jeupe, utepe mweusi mkononi. Benchi zima wameketi, yeye peke yake amesimama. Alinipigia makofi kuliko wote, mikono juu ya kichwa, machozi yakimtoka.

Nikainama kidogo, kama mtu anayepokea chake. Nikakaa.

Jumatatu, 29 Desemba

Suruali tatu za Mwaka Mpya na gauni la ubatizo. Saa tisa alasiri kengele ya simu imelia. Kwa mara ya kwanza nimesimamisha cherehani, sindano nimeiacha ndani ya kitambaa, nimeshuka mpaka chini ya ngazi. Kisanduku kipo. Nimepiga magoti. Upande wa pili wa ukuta Jean-Pierre alikuwa akimweleza mtu jinsi ya kuhesabu tangu jua linapotoka, na nilisikia kila neno.

Nimekaa robo saa nzima. Sikuwa na la kusema ambalo halikupaswa kusemwa kwanza mlango wa pili.

Nimerudi juu. Kitambaa hakikuwa kimesogea. Nimekanyaga.